Nani Aliruhusiwa Kuketi? Historia Fupi ya Kula Nje Nairobi

Wasee, leo kabla ya historia nina jambo la kuungama.

Mnajua ule msimu jijini ambapo mikahawa mikubwa inatoa menyu maalum ya tamasha, bei inashushwa kidogo, na kila mtu anakumbuka ghafla kwamba yeye ni mpenzi wa chakula? Mwaka huu mbogi yetu iliamua haiachwi. Tulikuwa watano. Tukachagua mahali fulani Westlands, pale penye mishumaa mezani na vitambaa vilivyokunjwa kama ndege. Menyu ya tamasha ilikuwa sahani tatu kwa thao mbili na nusu kila kichwa. Kwa watu kama sisi wanaohesabu nauli, hiyo ni pesa ya wiki. Lakini tulikuwa tumevaa, tumejipulizia, na simu zina chaji. Mimi nilikuwa nimefuliza tayari nikiwa kwenye matatu.

Weita akaja na kalamu yake. Wanne tukaagiza. Wa tano, beshte yetu wa Kayole ambaye namjua tangu darasa la sita, akasema, "Mimi maji tu. Nimekula nyumbani."

Mimi nikawasha kamera. Nikasema, "Tazameni huyu, amepanda matatu mbili kutoka Kayole kuja kunywa maji Westlands!" Meza nzima ikacheka. Yeye pia akacheka. Nikaiposti usiku huohuo, na kufikia asubuhi ilikuwa video yangu iliyotazamwa zaidi mwezi huo.

Asubuhi hiyohiyo alikuwa ametoka kwenye grupu letu. Aliniachia ujumbe mmoja: "Nilikuwa na mia tatu. Nilikuja kwa sababu nilitaka kukaa na nyinyi. Toa hiyo video."

Nikaitoa. Nikaomba msamaha kwa maandishi, ile samahani ya haraka ya mtu anayetaka jambo liishe. Hakujibu.

Jumapili nikaenda kwa shosho, nikamweleza, nikitarajia aniambie vijana wa siku hizi tunajali vitu vidogo. Hakusema hivyo. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia, "Guka yako alipika katika hoteli ya wazungu hapa Nairobi miaka mingi. Alijua kupanga uma na kisu kabla hajajua kuvitumia. Hakuketi pale hata siku moja."

Nimeishi miaka ishirini na kitu bila kujua hilo. Nikarudi nyumbani nikaanza kusoma. Hivi ndivyo ninavyoyaelewa mambo sasa.

Mji ulioanza kama kambi

Nairobi si mji wa kale kama Lamu au Mombasa. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika hapa Mei 1899, mahali ambapo Wamaasai walipaita Enkare Nairobi, maji baridi. Ilikuwa kambi tu: mahema, karakana, matope. Reli ikaendelea hadi Kisumu, ikafika mwaka 1901. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka India iliyokuwa chini ya Mwingereza kuijenga, na kama 2,500 kati yao walikufa kabla kazi haijaisha. Wengi wa waliobaki hai walirudi kwao, lakini maelfu kadhaa walikaa.

Mji ukaanza kupata mahali pa kula mapema sana. Mwaka 1902 mwanamke Mwingereza aliyeitwa Mayence Bent alianzisha nyumba ya wageni akaiita Stanley. Siku ya Krismasi ya 1904 ikafunguliwa Norfolk. Mwaka 1909, Theodore Roosevelt, ambaye alikuwa ametoka tu kuwa rais wa Marekani, alipita Norfolk akienda kuwinda. Walowezi wakubwa walikunywa pale sana hata ikabandikwa jina la utani la "House of Lords", kama lile bunge la mabwana wa Uingereza. Angalia mambo hayo: mji una miaka mitano tu, haujapata hata mitaro ya maana, lakini tayari una mahali pa mabwana.

Na kulikuwa na Waafrika ndani ya hoteli hizo kila siku. Walikuwa jikoni. Walikuwa wakibeba masanduku, wakifua mashuka, wakimimina vinywaji. Mwanamume mwenye umri wa guka yako aliitwa "boi". Wateja walikuwa Wazungu. Mwafrika hakuweza kuingia kwa mlango wa mbele na kuagiza, na Mhindi pia, hata tajiri, hakukaribishwa.

Mji wenyewe uligawanywa hivyohivyo. Wazungu walichukua sehemu za juu zenye hewa na miti, kama Muthaiga na kule Hill. Wahindi wakawa Ngara, Parklands na maeneo ya biashara. Waafrika wakasukumwa mashariki. Ndiyo maana hadi leo mtu wa Kayole akitaka kwenda kula Westlands, lazima apande matatu hadi tao, ashuke, apande nyingine. Ule mzaha wangu wa matatu mbili ulikuwa mzaha kuhusu ramani iliyochorwa na mkoloni. Nilikuwa naucheka ubaguzi wa zamani nikidhani namcheka beshte yangu.

Veranda ya 1922

Nilipokuwa bado chuoni, kabla niache, nilikuwa napita Harry Thuku Road karibu kila siku. Sikuwahi kujiuliza huyo Harry Thuku ni nani na kwa nini barabara inayopita mbele ya Norfolk ina jina lake.

Thuku alikuwa karani wa simu serikalini. Mwaka 1921 alisaidia kuanzisha East African Association, chama cha kupinga mambo matatu ambayo kila mtu mweusi mjini aliyaelewa: kodi ya nyumba iliyozidi kupanda, mishahara ambayo walowezi walitaka kuipunguza, na kipande. Kipande kilikuwa cheti cha lazima kwa kila mwanamume Mwafrika kuanzia umri wa miaka 16, chenye alama za vidole na rekodi ya kazi, nacho kilibebwa ndani ya kijaluba cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Ukikutwa bila hicho, ni kesi. Thuku alipinga pia wanawake na wasichana kulazimishwa kufanya kazi.

Walimkamata Machi 14, 1922. Tarehe 16, umati wa maelfu ulikusanyika nje ya kituo cha polisi alimozuiliwa, karibu kabisa na Norfolk. Wanaume wakaanza kusita. Ndipo mwanamke aliyeitwa Mary Muthoni Nyanjiru alipojitokeza mbele, akainua nguo yake, akawaambia wanaume kwamba kama wanaogopa wachukue nguo hiyo wampe yeye suruali zao. Umati ukasonga. Polisi wakafyatua risasi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuuawa. Hesabu ya serikali ilikuwa watu wapatao ishirini na kitu. Waliokuwepo walisema ni wengi zaidi.

Na sasa jambo ambalo lilinifanya niweke simu chini. Kumbukumbu za siku hiyo zinasema kwamba Wazungu waliokuwa wameketi kwenye veranda ya hoteli nao walichukua bunduki wakafyatua. Yaani watu walikuwa kwenye vinywaji vyao, wakasimama, wakapiga risasi, na meza ikabaki pale.

Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu na kuzuiliwa miaka mingi. Leo barabara ni yake na hoteli bado iko kando yake. Mimi siwaambii msiende pale. Nawaambia mkipita, mjue mnakanyaga wapi.

Meza ya pili

Sasa jiulize: kama Mwafrika hakuruhusiwa kuketi tao, alikula wapi?

Hapa ndipo historia yetu ya kula nje inapoanza, na kwangu ndiyo tamu zaidi. Serikali ya kikoloni ilimchukulia Mwafrika wa Nairobi kama mgeni wa muda. Aje afanye kazi, alale kitandani cha kukodi, kazi ikiisha arudi kijijini. Vyumba vingi havikuwa na mahali pa kupika. Mwanamume anatoka karakana ya reli saa kumi na moja jioni, chumba kimoja wako sita, moto hakuna. Atakula nini?

Walioona pengo hilo ni wanawake. Pumwani, mtaa ambao serikali iliutenga kwa Waafrika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kulikuwa na wanawake waliojenga nyumba zao wenyewe, wakapangisha vyumba, wakauza chai, uji, mandazi na vyakula vilivyopikwa. Wengi walikuwa Waislamu wenye mapishi ya pwani, na ladha za Mombasa zikapata makao bara. Askari wa jiji waliwafukuza wachuuzi kwa sheria ndogo za leseni na usafi. Walifukuzwa asubuhi, wakarudi adhuhuri, kwa sababu tumbo la mfanyakazi halingojei leseni. Yule mathe wa kibandaski anayekupakulia githeri leo ni mjukuu wa biashara hiyo.

Halafu kuna Kariokor. Tunakwenda pale kula nyama choma na ugali, tunanawa mikono, tunapiga picha. Jina hilo ni Carrier Corps likiwa limepitia mdomo wa Kiswahili. Wakati wa Vita vya Kwanza, Waingereza walichukua mamia ya maelfu ya wanaume wa Afrika Mashariki kubeba mizigo ya jeshi, wengi kwa nguvu. Makumi ya maelfu hawakurudi. Wengi wa hao hawakufa kwa risasi. Waliuawa na maradhi, hasa ya tumbo, na sababu mojawapo ilikuwa posho: unga wa mahindi uliosagwa vibaya, ukapikwa haraka bila kuiva, ukapewa watu ambao wengine wao hawakuzoea kabisa kula mahindi.

Rudi nyuma kidogo. Mahindi asili yake ni Amerika, yalifika pwani yetu na Wareno. Vyakula vya asili vya wengi wetu bara vilikuwa wimbi, mtama, viazi vikuu, ndizi, kunde. Mahindi meupe yalienea sana karne iliyopita kwa sababu mashamba ya walowezi yaliyazalisha, na waajiri waliona ni njia rahisi ya kulisha vibarua. Ugali tunaoapa kwamba ndio utamaduni wetu wa tangu na tangu uliingia nyumbani kwetu ukiwa mgao wa kazi. Sisemi tuuache. Mimi bila ugali silali. Nasema watu walipewa posho, wakaigeuza ugali. Wakatafuta sukuma, wakatafuta nyama, wakaweka kachumbari kando, na soko lenye jina la mateso likawa mahali ambapo watu huenda kufurahi.

Burma, kule Jogoo Road, ni hadithi ya aina hiyo. Jina linakumbusha askari wa King's African Rifles waliopelekwa kupigana na Wajapani huko Burma katika Vita vya Pili. Sehemu mbili maarufu za nyama choma Nairobi, zote mbili zina majina ya vita vya watu wengine.

Na chapati? Chapati ilikuja na ndugu zetu wa kutoka India, kupitia biashara ya pwani na kupitia reli. Lakini chapati inataka unga wa ngano, na ngano ilikuwa zao la mlowezi. Kampuni ya Unga ilianzishwa mwaka 1908 na Lord Delamere, ambaye alihangaika miaka mingi kujaribu ngano kwenye shamba lake la Njoro. Kwa familia nyingi za Kiafrika unga huo ulikuwa ghali. Ndiyo maana shosho zetu walipika chapati Krismasi tu, na ndiyo maana hadi leo ukisikia harufu ya chapati kwa jirani unauliza kuna sherehe gani.

Maneno mawili

Kuna maneno mawili ambayo sikuwahi kuyafikiria.

La kwanza ni hoteli. Mtu wa nje akisikia hoteli anafikiria vyumba vya kulala. Mkenya akikwambia "twende hoteli", mara nyingi ni mabati manne, benchi mbili, chai ya maziwa kwenye kikombe cha bati na mandazi mbili. Neno limeandikwa ukutani kwa rangi ya mkono. Mimi hupenda kufikiri kwamba hilo lilikuwa jibu la wazee wetu. Mlitufungia hoteli zenu? Sawa. Hii hapa ni hoteli yetu, na mtu yeyote anaingia.

La pili ni mkahawa. Limetoka kwa kahawa, neno la Kiarabu lililotufikia kupitia pwani. Sasa tazama: kwa sehemu kubwa ya ukoloni, wakulima Waafrika walizuiwa kulima kahawa, katika nchi ambayo kahawa yake ilisifiwa duniani. Walowezi hawakutaka ushindani, na hawakutaka kukosa vibarua. Ruhusa ilianza kutolewa kidogo kidogo miaka ya 1930, kwa mfano Meru na Kisii, na mlango ukafunguka zaidi baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954. Kwa hiyo kulikuwa na Mwafrika aliyechuma kahawa shambani kwa Mzungu, asiruhusiwe kuipanda kwake, na asiruhusiwe kuketi mahali inaponywewa tao. Ukipiga picha kikombe chako chenye moyo uliochorwa kwa maziwa, mkumbuke huyo.

Mlango ulivyofunguka

Kulikuwa na waliojaribu kubadilisha mambo kwa kula. Mwaka 1946, watu wachache wa rangi zote walianzisha United Kenya Club hapa Nairobi. Jambo lao kubwa lilikuwa dogo kabisa: Mwafrika, Mhindi na Mzungu kuketi meza moja na kula chakula cha mchana. Leo sisi tungeita hiyo lanchi tu. Wakati huo ilikuwa siasa.

Miaka michache baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1950, kijana mmoja alifanya kazi kama mkaguzi wa afya wa Baraza la Jiji. Kazi yake ilikuwa pamoja na kupima kama maziwa ya mji ni salama kunywa. Jina lake Tom Mboya. Anasimulia katika kitabu chake Freedom and After kwamba siku moja alikuwa peke yake ofisini, mwanamke Mzungu akaingia na maziwa ya kupimwa, akatazama huku na huku, kisha akauliza kama kuna mtu. Mboya amesimama hapo mbele yake. Akamuuliza kama macho yake yana shida. Mboya alikuwa na umri wa miaka ishirini na kidogo, umri wetu huu. Na alilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa mkaguzi Mzungu aliyefanya kazi ileile.

Mji ulimtegemea Mwafrika usinywe maziwa mabaya, lakini haukumwona. Nilipofika hapo nikamkumbuka weita wetu wa Westlands. Alituhudumia saa mbili. Nikijaribu kukumbuka uso wake, siwezi.

Miaka ya 1950 ilipokaribia kuisha, hoteli kubwa zilianza kulegeza milango. Uhuru ukaja Desemba 12, 1963. Majina yakabadilika: Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue, Hardinge Street ikawa Kimathi Street. Februari 18, 2007, miaka 50 kamili tangu Dedan Kimathi anyongwe, sanamu yake ilizinduliwa kwenye barabara hiyohiyo, hatua chache kutoka Stanley. Wateja wanaotoka kula wanapita karibu yake.

Lakini kuna kitu kilichobaki mlangoni. Zamani aliyekuzuia alikuwa mtu na sheria. Sasa ni bei. Bei haikutazami rangi, haina kelele, na haihitaji askari. Wewe mwenyewe unasoma menyu ya nje, unajirudisha nyumbani. Na usidhani rangi imesahaulika kabisa. Machi 2015 ilijulikana kwamba mkahawa mmoja hapa Nairobi ulikuwa ukiwazuia Waafrika weusi kuingia baada ya saa kumi na moja jioni. Mwaka 2015, wasee! Watu wakawaka, kaunti ikaufunga kwa kukosa leseni. Angalieni vizuri: kilichoufunga rasmi ni leseni.

Na hata chakula chenyewe bado kinabishana na historia. KFC ilikuja Kenya mwaka 2011. Januari 2022 iliishiwa na chipsi kwa sababu viazi vyake vilitoka nje kwa meli, na meli zilichelewa. Huku Nyandarua viazi vimejaa, mkulima anatafuta soko. Mtandao mzima ulikasirika, mimi nikiwemo. Watu walidhani ni hasira ya chipsi. Nadhani ilikuwa ile hasira ya zamani: tunakaribishwa kununua na kuhudumu, lakini cha shambani kwetu hakikaribishwi mezani.

Turudi kwa beshte yangu

Mnaweza kusema, buda, unachanganya mambo. Risasi za 1922 na mzaha wa maji ni vitu viwili tofauti. Kweli, ni tofauti. Hakuna aliyekufa Westlands. Lakini nilichojifunza ni kwamba mji huu umewafundisha watu kwa zaidi ya miaka mia moja kuhisi aibu mbele ya meza. Kuna aliyefundishwa aibu kwa kipande, mwingine kwa kuitwa boi, mwingine kwa bei. Na ili aibu ifanye kazi, lazima kuwe na mtu wa kucheka. Usiku ule mtu huyo alikuwa mimi, na nilifanya bure, bila kulipwa na mkoloni yeyote.

Cha kuchekesha ni kwamba hata mimi sikuwa na hiyo pesa. Nilikuwa nakula deni. Niliacha chuo kwa sababu ya karo, halafu naketi pale namcheka mtu ambaye angalau alikuwa mkweli kuhusu mfuko wake.

Kwa hiyo mbogi yetu sasa ina utaratibu, na nauleta kwenu kama mnautaka. Anayependekeza mahali anataja bei kwa sauti kabla ya kubook, bei yote, na nauli ndani. Kama kuna mtu hawezi, tunachanga au tunahama. Na mtu akitaka kuja kunywa maji, anakunywa maji, kamera imelala mfukoni. Mambo ya tamasha tunayapenda, tutaendelea kwenda. Lakini wiki ya chakula ya Nairobi ambayo haina Kariokor, Burma na mathe wa githeri ndani yake, hiyo ni wiki ya nusu mji.

Nilienda Kayole mwenyewe kuomba msamaha, safari hii kwa mdomo. Beshte yangu alinisikiza hadi mwisho. Nikamweleza habari za guka. Akauliza, "Na shosho yako, yeye amewahi kuketi?"

Sikuwa nimemuuliza. Nikampigia simu palepale. Shosho akasema hajawahi, kwani angeenda kufanya nini huko.

Basi Jumamosi tulimpeleka, sisi wawili, katika hoteli moja ya zamani tao. Tuliagiza chai tatu na kipande cha keki cha kugawana. Shosho alikaa na mkoba wake mapajani muda wote, kama mtu anayengoja kuitwa. Alipomaliza chai, alifungua fundo la leso, akatoa thao moja iliyokunjwa mara nne, akaiweka mezani na kukataa kabisa tuchange. Halafu akamwita weita, akamuuliza jina lake, akamwambia, "Mwanangu, jikoni ni wapi? Nataka kumsalimia mpishi."

Weita alisita kidogo, kisha akamshika mkono wakaenda.